Jozi Moja Tu Tabora Nzima

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Siku ya aibu. Naandika nikiwa pekupeku.

Asubuhi nimekwenda ofisi ya tawi la chama kuandikisha jina langu. Hapa Mtendeni tunafungua duka letu la ushirika, na msimamizi anachaguliwa Jumamosi mkutanoni. Miezi minane sasa tangu nipunguzwe kazi ghala la stesheni. Miezi minane nakula jasho la mke wangu Batuli, anayekaanga vitumbua. Kazi hii lazima iwe yangu. Basi nikavaa viatu vyangu.

Si viatu vya watu wote vile. Rangi mbili, nyeusi na nyeupe, kifungo cha shaba ubavuni. Nilivinunua dukani kwa Ratilal kabla ya Idi ya kuchinja, kwa madebe mawili ya asali. Asali yenyewe Batuli aliletewa na kaka yake kutoka Igalula ili anunue mabati. Alilia kidogo. Nikamweleza kwamba msimamizi wa duka hachaguliwi akiwa na kandambili.

Mlangoni pa ofisi kiatu cha kulia kikaachama. Soli yote, kutoka kidole gumba mpaka karibu na kisigino. Nikaingia napiga pa, pa, pa sakafuni. Mwenyekiti wetu, Mzee Kashindye, akadhani nampigia makofi, akasema nisubiri kwanza afungue kikao. Nassibu mpiga picha naye alikuwepo, ameleta jina lake. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Miezi mitano tu! Hii ni dhuluma.

Jumanne, 6 Agosti

Kwa Ratilal. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Akaitikia marahaba, akaniagizia chai. Sikuinywa mpaka ilipopoa, ajue nimekasirika. Ukutani bango lake lilelile: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Akageuza kiatu, akachungulia ndani. Akauliza kwa upole nimekivaa mara ngapi. Nikasema mara mbili, Idi na jana. Akauliza kama kuna mwingine amekivaa. Nikaapa kwamba hakuna mguu wa binadamu mwingine uliowahi kuingia humo. Akatazama tena ndani, kwa muda. Akasema nimwachie jozi, fundi aifungue, na nimwambie ukweli wote, maana atawaandikia waliomuuzia Dar es Salaam. Nikakataa. Nani anaacha ushahidi kwa mshtakiwa?

Ukweli nauandika hapa, kwa kuwa mwandiko wangu Batuli hawezi kuusoma. Viatu nimekuwa nikivikodisha kwa mabwana harusi, wapigie picha kwa Nassibu. Masharti ni makali. Unavivaa ukiwa umekaa kitini, unapigwa picha, unavua. Kodi ni kuku mmoja. Wamepita saba. Lakini kukaa kitini si kuvaa. Ni kuweka miguu tu.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepata mpango. Kiatu nitakipeleka mkutanoni! Nitawaonyesha wananchi jinsi mnunuzi anavyoonewa, nitamtaka Ratilal ajibu mbele yao, na watanichagua palepale kabla hasira hazijapoa. Nimeandika hotuba kurasa nne. Inaanza, "Ndugu wananchi, soli hii ni mnyonyaji."

Batuli ameuliza kwa nini kuku wanaongezeka uani na bati haliongezeki. Nikasema wananiletea watu wanaopenda siasa yangu. Akamtazama tembe mmoja muda mrefu.

Kisha akachukua kiatu, akaingiza kidole kwenye soli, akavuta kipande cha kadibodi. Kadibodi! Kiatu cha madebe mawili! Akasema nipeleke hiki tu, niwaonyeshe, nikae chini, nisiongeze neno. Nikamwambia hotuba ni kurasa nne, haiwezekani kukaa chini ukurasa wa kwanza. Mke mzuri, ila siasa haijui.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimekwenda kwa fundi viatu Lugembe, awe shahidi. Nikampa jogoo. Akakubali kusema habari za kadibodi. Nikamwomba aongeze kwamba viatu vimevaliwa mara mbili. Akasema yeye anashona viatu, hahesabu miguu. Nikadai jogoo wangu. Akacheka. Lugembe ni Msukuma na mimi Mnyamwezi, na mtani akishashika kitu chako umeaga. Jogoo ameliwa mchana huohuo na sikualikwa.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala nimepita mtaani kutayarisha watu. Kila baraza nimeeleza msiba wangu. Nimesisitiza kwamba viatu vile Tabora nzima ni jozi moja tu, vingine kama vile hakuna, ili uchungu uwaingie. Nassibu alikuwa mlangoni pa studio yake akanisikiliza vizuri sana. Akauliza kama kweli ni jozi moja. Nikamwambia akamuulize Ratilal mwenyewe. Akanishukuru. Sikujua kama ana adabu vile.

Jumamosi, 10 Agosti

Nina uchungu. Nitaandika hivyohivyo.

Ukumbi ulijaa. Ratilal alikuja, nilimwalika kwa barua, akapewa kiti cha mbele. Nikainua kiatu, nikasoma. Walipiga makofi ukurasa wa kwanza. Walipiga makofi ukurasa wa pili. Ukurasa wa tatu nikaapa mbele ya halaiki kwamba viatu vimevaliwa mara mbili, na mtu mmoja, mimi. Ratilal akainama akatazama sakafu.

Nassibu akasimama na bahasha. Ndani picha saba. Mabwana harusi saba, wote wamekaa kitini, wote wamenyoosha miguu mbele. Rangi mbili, kifungo cha shaba. Akauliza kama si mimi niliyetangaza jana kwamba jozi ni moja tu.

Nikasema labda vimefanana. Mtu wa nyuma akalia kama kuku. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nikajua kodi yangu inajulikana mpaka Ntalikwa.

Mzee Kashindye akasema msimamizi wa duka ni kiongozi, na Azimio linamkataza kiongozi kuishi kwa kupangisha. Sikutetereka. Nikasema Azimio limetaja nyumba, halikutaja viatu. Akajibu kwamba kitu ambacho watu saba wameingia, wakalipa, wakatoka, hicho ni nyumba. Akafuta jina langu kwa kalamu. Miezi minane ya kusubiri, na kalamu ilipita mara moja tu. Nilitaka kulia, nikajizuia kwa ajili ya Nassibu, aliyekuwa anatabasamu meno yote.

Hapo Batuli akasimama. Kandambili zake, unga bado mikononi. Akaomba zile picha, akazipitia moja moja. Akamwuliza mwenyekiti kama haoni kwamba mabwana harusi wote saba wana koti moja, lenye kiraka kiwiko cha kushoto. Akauliza koti ni la nani na kodi yake ni kuku wangapi. Nassibu akakaa. Kalamu ikapita tena.

Kisha akainua kile kipande cha kadibodi. Akasema kimekuwa ndani ya soli tangu kiwandani, avae mtu mmoja, wavae saba, asivae mtu. Mume wake ni mwongo, hilo mtaa mzima unalijua, lakini mwongo naye akilipia ngozi apewe ngozi. Akamgeukia Ratilal, akamwita baba, akamwuliza anasemaje.

Ratilal akasimama. Akasema amesubiri tangu Jumanne mtu amwambie maneno hayo tu. Yeye pia amedanganywa huko alikonunua, lakini hilo ni lake na wao. Jozi nyingine itatoka leo, na bango litashuka kesho.

Walimchagua Batuli kwa mikono yote. Hata wangu. Ulipanda wenyewe.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetafakari usiku kucha. Nimeona kwamba kwa kweli nimeshinda. Kazi imeingia nyumbani kwangu. Duka lina mtu wangu ndani. Bila hotuba yangu nani angemsikiliza?

Viatu vipya ni vya kahawia, ngozi tupu, vinang'aa. Batuli amevifungia sandukuni na ufunguo ameufunga pindoni mwa khanga. Amesema nitavivaa Idi. Lakini kesho anaanza kazi asubuhi, na sanduku lina bawaba kwa nyuma, za skrubu.

Nassibu alipita jioni. Tumepatana. Ana koti, nina viatu, na Alhamisi kuna bwana harusi anakuja kutoka Ntalikwa. Safari hii hatutafanya kosa lile la picha. Koti halitaonekana, viatu havitaonekana. Itapigwa sura peke yake, kutoka shingoni kwenda juu.

Bwana harusi ameleta ujumbe kuuliza, sasa hao kuku wawili ni wa nini. Watu wengine hawaelewi biashara.