Diski Inayogongagonga

Jumatatu, 9 Juni 2025
Seva inayotunza video zetu zote imeanza kugonga. Tik, kimya, tik. Mimi ndiye mkuu wa mitambo katika studio hii ya Nyamasaria. Cheo nilijipa mwenyewe na hakuna aliyepinga. Nikainama, nikasikiliza, nikatoa hukumu: wadudu wa ziwani wameingia kwenye feni. Terry, msichana aliyeajiriwa Machi, akasema hiyo ni diski inakufa. Miezi mitatu kazini na tayari anajua diski zinavyokufa!

Mchana alikuja Rachael, bintiye marehemu Mzee Obonyo wa Dunga. Tulirekodi mazishi ya babake mwaka juzi. Yeye alikuwa Qatar, mwajiri akamnyima ruhusa, akatoa salamu zake za mwisho kwa simu iliyoshikwa kando ya jeneza. Laini ikakatika. Hadi leo hajui maneno yake yaliishia wapi, na nyumbani kila mtu anamwambia lake. Ukumbusho ni Jumamosi, na anataka video ionyeshwe hapo.

"Nataka tu kujua kama baba alisikia," akaniambia.

Nikamwapia kwamba ataipata video. Imo ndani ya seva inayogonga.

Jumanne, 10 Juni
Nimesafisha feni. Wadudu kiganja kizima! Nimewazungusha ofisi nzima ili kila mtu aone. Nikawasha. Tik.

Terry akaandika smartctl, amri ya kuiuliza diski hali yake. Ikajibu yenyewe: asubuhi sehemu nane mbovu, saa kumi jioni arobaini na moja. Akasema tunakili kwanza, mengine baadaye. Nikamweleza Mzee Yashwant, mwenye studio, kwamba hizo ni mvi tu za diski. Kisha nikaizima huduma inayotuma maonyo. Ofisi imetulia sana.

Jumatano, 11 Juni
Terry ameuliza, mbele ya Mzee, diski ya nakala iko wapi. Uchokozi mtupu. Iko kwangu Otonglo, kando ya televisheni, tangu Januari, imejaa mechi. Nikajibu kwamba wataalamu huweka nakala mbali na ofisi, moto usije ukateketeza vyote. Mzee akanisifu! Akaniagiza niilete kesho.

Nimefuta mechi zote, hata ile fainali. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Nimeileta, tupu. Terry akaitazama, akanitazama, akaipuliza vumbi. Heri angenitukana.

Alitaka tunakili papo hapo. Mimi nikaona mtu hahamishi nyumba chafu. Alipotoka kwenda kula, nikaanzisha fsck, amri ya ukarabati, ili diski ijirekebishe kwanza. Ikakwaruza saa nzima kama sufuria inayosuguliwa. Saa nane ikanyamaza. Folda ya Obonyo haifunguki.

Rachael amepiga simu mara tatu. Nimemwambia video iko karibu tayari. Nimeona haya, na ninaandika hivyo kwa kuwa hapa hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda kazini na barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa mfukoni. Sikuihitaji. Terry akatoa flash kwenye mkoba: mazishi ya Obonyo, yote, tangu Jumanne. Alinakili nilipokuwa nikizungusha wadudu ofisini. Video zilizobaki amekuwa akizichomoa polepole tangu jana na kuziweka kwenye ile diski ya nakala, kwa amri inayoruka sehemu zilizooza. Karibu zote zimepatikana. Seva itapata diski mpya Jumanne.

Nilimwambia amefanya vizuri kufuata mpango wangu.

Jumamosi, 14 Juni
Dunga. Hema, viti, watu wa nyumbani wote. Rachael aliketi chini kabisa, mbele ya skrini. Tukamwona ami yake, Ooko, akiinama na simu mpaka karibu iguse jeneza. Sauti ikatoka, ndogo lakini wazi: "Baba, nisamehe sikuja. Lala salama." Ndipo laini ikakatika.

"Ilifika yote," Rachael akasema. Akarudia tena na tena. Nililia, na safari hii haikuwa kwa ajili ya mechi.

Baadaye akanishika mikono yote miwili kunishukuru. Terry alikuwa nyuma yake akikunja nyaya. Nilitaka kumtaja. Mdomo ulishafunguka.

"Ni kazi yetu, dada," nikasema. Terry aliendelea kukunja nyaya.

Jumapili, 15 Juni
Nimeleta diski ya nakala nyumbani kwa usalama. Ndiyo pekee yenye kila kitu hadi Jumanne, haifai kuachwa ofisini na moto. Nimeiweka kando ya televisheni, mahali inapopajua.

Kuna mechi kubwa leo na ningependa kuirekodi, ila nafasi haikutosha. Nikapitia folda moja moja, kwa heshima. Mazishi ya Mzee Waliaula, yule mwenye watoto ng'ambo: tangu mwaka jana hakuna aliyeyaulizia. Nimeyafuta.

Simu inalia. Namba ya ng'ambo, siijui. Nitapokea mechi ikiisha.