Gereza la Kuching

Jumapili, 14 Oktoba 2012

Siku kubwa! Kwaya yetu ya Kiswahili imealikwa kwenye tamasha la kwaya huko Kuching, Malaysia, mwakani. Bi Clementina, mwenyekiti wetu, alitangaza baada ya misa. Ikabidi atangaze tena, maana sauti ya pili walikuwa wameshaanza vigelegele.

Kuching. Sikuwahi kuusikia. Mji uko kando ya mto, una Wamalei, Wachina, Wahindi, Waiban na wengine ambao Bi Clementina alishindwa kuwatamka. Akasema msafara unahitaji kiongozi. Kazi yake: kuwatembeza watu mjini, na kupanga viti vya ndege.

Kupanga viti vya ndege! Toka Toronto hadi Kuching unakula mlo wa usiku mara mbili ungali angani. Dada Clara dirishani, mimi pembeni yake, hana pa kukimbilia. Nampenda Clara. Nampenda tangu ajiunge na kwaya, miaka mitatu sasa, na kila nikifungua kinywa nimwambie, najikuta namuuliza kama nje kuna baridi. Ndegeni hakuna nje. Itabidi niseme.

Anayenizibia njia ni mmoja tu: Gaspard. Anaimba besi. Mtu wa Lubumbashi, ana skafu ya hariri hata Julai, akipiga chafya watu wanafurahi. Bi Clementina akalitaja jina lake kwanza, akatukumbusha alivyowapeleka wanakwaya Niagara wakarudi wote salama. Kisha, bila kuulizwa, akakumbusha na safari ya Niagara niliyoongoza mimi. Wakaangua kicheko. Ni kweli niliwashusha mtaa wa Niagara, hapa hapa Toronto, badala ya kwenye maporomoko. Lakini mtaa upo! Una kibao! Nilidanganya nini?

Nikasimama. Sijui nani aliniinua. Nikasema Kuching naujua kama kiganja changu, nimeishi huko, Januari mpaka Machi 2004. Clara akageuka akanitazama. Akanitazama tena. Hayo ni macho ya mtu aliyevutiwa.

Uamuzi wa mwenyekiti: Jumamosi, mimi na Gaspard, kila mtu atawatembeza Kuching kwa picha, ukumbini hapa Crescent Town. Kisha kura.

Kwa hiyo nina siku sita za kuishi Kuching miezi mitatu.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimeomba ruhusa kazini, tumbo. Asubuhi yote kwenye kompyuta. Huo mji mtamu jamani! Kuna mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa, na viboti vyenye paa vinavyovusha watu. Kuna mtaa wa Wachina wenye hekalu jekundu, ukipiga hatua kidogo uko mtaa wa Wahindi, ukiinua uso unauona msikiti. Na paka! Sanamu za paka njia panda. Paka mweupe kavishwa nguo kulingana na sikukuu. Mji unaoheshimu paka namna hii hauwezi kunikataa mimi.

Picha nimezipata tele. Ila maelezo ya Kiingereza nimeyakwepa. Mtu aliyeishi Kuching atasomaje Kiingereza cha watalii? Nimechukua ramani na picha zenye Kimalei.

Na hapa ndipo Mungu alipojidhihirisha. KIMALEI NI KISWAHILI! Meza wanaita meja. Sabuni, sabun. Nanasi, nanas. Bendera ni bendera, dunia ni dunia. Ni Kiswahili cha mtu anayeumwa jino. Gaspard na Kifaransa chake atabaki kutafuta kamusi. Mimi nasoma tu.

Jumatano, 17 Oktoba

Jana sikuandika, nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema "nilipokuwa Kuching" mbele ya kioo. Leo nimekuja na wazo: nitawaonjesha. Kiongozi anayelisha hashindwi.

Chakula chao kinaitwa laksa. Tui la nazi, kamba, pilipili, tambi. Kumbe mchuzi wa Tanga umetiwa tambi! Nikabandika. Pilipili nikaikaanga kwanza, kama ilivyoelekezwa. Hawakueleza moshi wake. King'ora kikalia jengo zima. Watu ghorofa zote chini, uwanjani, wengine na taulo. Zimamoto wakaja na magari mawili, na shoka. Nikawaambia nilipokuwa Kuching hili ni jambo la kawaida. Hawakucheka.

Clara anakaa jengo la pili. Alitoka barazani kwake akaniona nimesimama na sufuria, nimejifunga kitambaa cha meza. Alicheka mpaka akashika chuma cha baraza. Akauliza kwa sauti kama hii ndiyo desturi yangu. Nikamwambia ndiyo desturi ya Kuching. Akasema aah, ya Kuching. Akaingia ndani bado anacheka.

Amecheka kwa ajili yangu! Gaspard hajawahi kumchekesha hivyo. Laksa imeungua lakini siku imekwenda vizuri.

Ijumaa, 19 Oktoba

Balaa! Bi Clementina kanipigia simu kwa furaha. Eti amemwalika Zameer, yule wakala wa tiketi wa Mississauga, mzaliwa wa Upanga, aje kesho aeleze habari za ndege. Na eti nitafurahi sana, maana Zameer na mkewe Nilofar wamekwenda Kuching mara mbili. Eti tutakumbushana.

Tutakumbushana! Nilikaa chini. Nilikaa sakafuni.

Lakini mimi Elias si mtu wa kufa kikondoo. Nilimpigia Zameer mwenyewe. Nikamwambia kwa sauti ya kiofisi kwamba mkutano umehamishwa St. James Town, afike kule, aulize tu maghorofa. Kule maghorofa yamebanana kama meno, atauliza mpaka Krismasi. Akashukuru. Akaniita ndugu yangu. Niliona haya kidogo, nikanywa chai, ikapita.

Jumamosi, 20 Oktoba

Niandike polepole, ushindi huu nisiuache hata nukta.

Ukumbi ulijaa. Gaspard alianza. Picha za kawaida, karama ya kawaida, "bon" ya Kifaransa kila sentensi. Alikiri hajawahi kufika. Kukiri! Mbele za watu! Nikamhurumia.

Nikapanda mimi. Nikawavusha mto. Nikawaonyesha hekalu, msikiti, paka. Nikawaambia keki yao ina matabaka mengi kuliko jengo letu. Watu wanasema eeh, wanasema lo. Clara kaketi mbele, kidevu mkononi. Nilikuwa naogelea.

Mlango ukafunguka. Zameer! Jasho, koti begani. Eti alizunguka St. James Town mpaka miguu ikawaka moto, ndipo akampigia Clara, mteja wake wa tiketi, amwelekeze. Akaniangalia. Akakaa. Akasema niendelee tu, ndugu yangu, anapenda sana habari za Kuching. Akaniuliza kistaarabu nilikaa upande gani wa mto, wa kaskazini au wa kusini. Nikasema katikati. Watu wakacheka, wakadhani natania. Nami nikacheka, nikidhani nimepona.

Ikaja picha ya jengo kubwa, zuri, limepakwa rangi. Chini yake imeandikwa kwa Kimalei: Gereja. Hiyo nilishaiandalia maneno. Nikasema, ndugu zangu, na hili ni gereza la Kuching. Wakashangaa. Nikasema huko mfungwa anatendewa utu. Nilikwenda kumwona rafiki yangu mle, nikamkuta kapiga magoti, analia kwa kujuta. Bi Clementina akauliza mbona juu kuna msalaba. Nikasema wafungwa wamejichongea wenyewe. Akauliza mbona mlango uko wazi. Nikasema, mwenyekiti, ni malezi.

Gaspard hakuweza kuvumilia kuona nasifiwa. Akaruka juu. Akasema bon, kama ni hivyo yeye anatoa hoja: tukifika Kuching, kwaya iende gerezani hapo siku ya kwanza, iwaimbie wafungwa, na kila mwanakwaya abebe mche wa sabuni na suruali moja iliyotumika. Makofi! Makofi yangu, kayaiba hivi hivi! Bi Clementina akajifuta machozi.

Ndipo nikasikia sauti kama birika linachemka. Zameer. Amejikunja, analia kwa kicheko. Akainuka, akasema jamani, gereja ni kanisa! Neno la Wareno. Walipita kule, wakapita na kwetu pwani, wakaliacha pande zote mbili. Kule wakaliendea misa, sisi tukalifungia watu. Hilo jengo ni kanisa, yeye na Nilofar wamepiga picha mlangoni.

Maji yakanifika shingoni. Nikamwona Clara kaziba mdomo kwa mkono. Nikaona kiti cha dirishani kinaruka, kinakwenda zake.

Nikasema: HASA!

Nikasema asante Zameer, nilikuwa nangoja nani atakuwa macho. Nikasema huo ulikuwa mtihani. Jina moja tu, herufi moja tu, na msafara mzima umeshaharibika. Nani katika sisi angeipeleka kwaya ya Kiswahili mlangoni kwa baba askofu na kumkabidhi miche ya sabuni na suruali kuukuu? Sikutaja mtu. Nilitazama tu skafu.

Weee! Ukumbi ulilipuka. Bi Clementina alicheka mpaka kilemba kikalegea. Gaspard akawa anasema "mais, mais", yaani lakini, lakini, hakuna anayemsikiliza. Zameer akaja kunipa mkono, akanong'ona kwamba katika miaka yote ya kuuza tiketi hajaona mwongo mwenye kipaji kama mimi, na kwamba miguu bado inamuuma. Nikamwambia tutaongea.

Kura zikapigwa. Kiongozi wa msafara: ELIAS! Kiko wapi sasa? Nani wa mtaa wa Niagara? Nimerudi nyumbani kwa miguu, kifua mbele, nikawasalimia hata wasionijua. Mzee mmoja wa Kichina akaniinulia kofia. Nadhani habari zimefika.

Jumapili, 21 Oktoba

Clara alinisubiri nje ya kanisa. Yeye, kunisubiri mimi! Tukatembea mpaka kituo cha treni. Sikumuuliza habari za baridi hata mara moja.

Akaniambia nimehutubia vizuri. Nikasema ni kawaida yangu. Halafu akaniambia jambo. Eti mwaka 2004, alipokuwa mgeni hapa nchini, alikaa St. James Town. Februari, theluji mpaka magotini, king'ora kikalia, jengo zima likamwagwa nje. Kisa, kuna Mtanzania wa ghorofa ya chini yake kaunguza maandazi. Huyo bwana alitoka na sufuria mkononi, kajifunga blanketi la picha ya chui, akawa anawaambia zimamoto kwamba kwao hili ni jambo la kawaida. Clara alikuwa analia kwa baridi na upweke, akamwona, akacheka. Kicheko chake cha kwanza Kanada. Hakuwahi kulisahau lile blanketi.

Blanketi ninalo bado.

Akasema njia ya mwongo ni fupi, Kaka Elias. Nikasema ndiyo uzuri wake, unafika mapema. Hakucheka. Akasema, taratibu kabisa, kwamba safari ni ndefu, na yeye angependa kukaa na mtu mkweli. Akasimama. Akangoja. Alikuwa ananitazama kama vile kuna neno moja tu nimebakiza.

Na neno nililiona! Lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Ni kufungua kinywa tu.

Nikafungua. Nikasema yule ni pacha wangu.

Clara akafumba macho kitambo. Alipofumbua, midomo ilikuwa inamchezacheza. Akauliza pacha anaitwaje. Nikasema Eliya. Akasema Elias na Eliya si jina moja, kama gereza na gereja? Nikamwambia ndiyo maana tunafanana. Basi akasema hivi, nanukuu kwa furaha: kama mtu wa maandazi ni huyo Eliya, basi huyo ndiye anayemtaka. Nimpangie kiti pembeni yake, na aje na lile blanketi. Akaingia kwenye treni. Mabega yalikuwa yanamtikisika mpaka milango ikafungwa.

USHINDI! Nimeshapanga viti. Clara dirishani, Eliya pembeni yake. Naanza kufuga masharubu leo hii. Blanketi nimeliloweka. Ila kuna jambo dogo la kurekebisha: Elias na Eliya hawawezi kupanda ndege moja. Kwa hiyo Elias ataugua siku ya safari, ugonjwa mzito, nitauchagua. Msafara atauongoza Gaspard. Acha aongoze! Nimeshamwandalia ramani yangu, ya Kimalei.