Waya wa Kumrudisha Mariyamu

Jumatano, 20 Juni 1962

Mariyamu bado yuko kwa baba yake, Nyanza-Lac. Nyumba imepoa. Chai nimechemsha mwenyewe, inanuka moshi.

Na yote hii kwa sababu ya kitanda! Kitanda cha chuma alichokuja nacho siku ya harusi. Nilikipeleka kwa mwenye duka nikarudi na redio. Redio nzima, ina ngozi ya kahawia na kishikio cha kung'aa! Mke mwingine angepiga vigelegele. Yeye aliiangalia redio, akauangalia mkeka, akaniambia nilale na redio yangu. Akafunga kanga zake akaenda.

Kumbe niliitafuta kwa ajili yake! Nilimwona mwenyewe amesimama nje ya ua wa Kassimu kinyozi, ndoo kichwani, anasikiliza taarabu ya redio ya Kassimu huku anatabasamu. Roho ikaniuma. Mke wangu atabasamu kwa redio ya jirani?

Shida iko moja tu. Yangu inashika Tanganyika, inashika Bukavu, inashika na mtu anayekohoa sijui nchi gani. Usumbura, mji mkuu wetu, haishiki. Na tarehe moja ndiyo uhuru! Mtaa mzima utamiminika kwa mwenye redio. Habari itafika Nyanza-Lac, Mariyamu atarudi mbio.

Watu wanasema nimfuate. Nivae kanzu, nibebe sukari, nichukue mzee mmoja tukaombe radhi kwa mkwe. Nani, mimi Shafii? Nimeamua. Antena.

Alhamisi, 21 Juni

Nimevunja mwavuli, nimefunga mbavu zake juu ya bati. Kassimu akapita, akanisalimu amahoro jirani, akauliza kama nategemea mvua itoke chini. Mshenzi. Eti yake ameifunga kwa kipande cha waya kwenye dirisha, basi. Akanikaribisha nikasikilize kwake. Nikamwambia murakoze, asante, nina shughuli.

Mwavuli umeshika misa ya Kilatini. Asubuhi hadi jioni, Kilatini. Imamu alipita mlangoni mwangu mara mbili, akitembea polepole.

Ijumaa, 22 Juni

Alhamdulillahi! Nimepata!

Baada ya sala nilishuka ufukoni. Mtumbwi wa Lukeba, mvuvi wa kutoka upande wa Congo, umelala mchangani pamoja na mingine yote. Una mti mrefu wa kutundikia taa. Hakuna cha bati, hakuna cha mlima mbele yake, ziwa tupu! Nikafunga waya juu ya ule mti, nikauvuta hadi dirishani kwangu. Nikazungusha kitufe. Usumbura! Mtu anasoma habari, sauti nyembamba, lakini Usumbura!

Machozi yalinitoka. Nikageuka nimwambie Mariyamu. Hayupo. Nikakaa na yule msoma habari. Nimeacha upande wake wa mkeka, silali pale.

Jumamosi, 23 Juni

Mwezi! Nilisahau mwezi!

Rumonge hii hata kuku anajua. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, mitumbwi inarudi kazini. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na sikukumbuka.

Magharibi nimekaa nasikiliza. Redio ikatikisika. Nikadhani ni ngoma. Ikateleza mezani. Ikatoka dirishani! Nikaifuata mbio, inaruka mchangani mbele yangu, Lukeba anapiga kasia huku anaimba, hana habari. Nikapita katikati ya ndagala, hao hao dagaa, alizoanika jirani yangu Mama Kabibi. Niliikamata maji yakiwa kiunoni, kabla haijazama. Lukeba akapiga kelele toka majini, akauliza tangu lini redio inavuliwa usiku.

Mama Kabibi hakucheka. Alinikalisha nimchambulie ndagala zake, moja moja, mchanga huku samaki huku. Kassimu alipita kuangalia. Alikuja na kiti.

Jumanne, 26 Juni

Mama Kabibi amerudi kutoka kuuza ndagala Nyanza-Lac. Ameniita. Ameonana na Mariyamu!

Nilimuuliza kama amekonda. Akasema hapana. Iliniuma kidogo.

Ujumbe ni huu. Jumapili asubuhi lori la Nyanza-Lac litapita hapa, linapeleka watu Usumbura kwenye sherehe. Mariyamu atakuwemo na mzigo wake. Hataki sukari, hataki wazee, hata kitanda amesema basi. Akiniona nimesimama barabarani namngojea, atashuka. Asiponiona, ataendelea mpaka kwa dada yake Usumbura, na baba yake ataleta maneno ya talaka.

Nisimame tu! Mama Kabibi alirudia mara tatu, kama anamfundisha mtoto. Kusimama, Shafii. Barabarani. Chini.

Nikaitika. Usingizi umenikimbia. Nimefagia ua, nimefua shuka ambayo haina kitanda.

Ijumaa, 29 Juni

Nimefikiri. Kusimama, sawa. Lakini nisimame mikono mitupu? Ashuke kwenye lori, akute mume na ukimya? Hapana! Ashuke, akute redio inaimba, mtaa mzima umejaa, na Kassimu amekaa nyuma kabisa.

Mchikichi wa Mama Kabibi uko kando ya barabara, palepale lori linaposimama. Mrefu kuliko mti wa Lukeba, tena hauendi ziwani. Nimemwomba nipande. Akauliza kwa nini. Nikasema nitamkatia mikungu ya ngazi, zile chikichi za mafuta. Akaniangalia sana, akanipa kamba.

Jumapili, 1 Julai

Uhuru.

Nilipanda alfajiri, kanzu nimeikunja kiunoni. Redio niliiacha chini juu ya kigoda, watu wameizunguka. Waya mkononi. Kila nikiuinua inanong'ona, nikiushusha inanyamaza. Wananipigia kelele toka chini. Kulia! Zaidi! Umeipoteza!

Lori likaja, bendera mbele, watu wanaimba. Likasimama chini yangu kabisa.

Nilimwona kabla hajaniona. Kanga ya kijani. Mzigo magotini. Anatafuta kwenye nyuso za watu, moja baada ya nyingine, mpaka nikaona aibu kuangalia. Uso ule! Nilitaka kuanguka tu nifike haraka. Mtu akamwonyesha juu. Akainua macho.

Hakugomba. Aliuliza neno moja, kama nashuka.

Wallahi nilikuwa nashuka. Mguu mmoja nilishausogeza. Waya ukagusa kuti, na redio ikafungua koo, ngoma za Usumbura, safi, kama wako uani! Watu wakaruka. Nikamwambia Mariyamu asubiri kidogo tu, niufunge usitoke.

Akasubiri. Nasema kweli, alisubiri. Dereva alipiga honi, yeye akamwomba angoje, nilisikia. Fundo likanikatalia. Nikalifungua, nikalifunga upya. Honi ya pili. Nilipoangalia chini alikuwa ametazama mbele, ameukumbatia mzigo wake.

Lori likaondoka. Nilikuwa mrefu kuliko watu wote wa Rumonge, kwa hiyo nililiona mpaka mwisho.

Jumatatu, 2 Julai

Wanasifu antena yangu mtaa mzima. Hata Kassimu alikuja jana, alicheza, akasema yake si kitu. Nilimshukuru. Sikuweza kula.

Walipoondoka niliizima. Taarabu ilikuwa inaanza.

Mama Kabibi alikuja asubuhi. Nilidhani atanitukana, akakaa tu. Akasema lori linarudi kutoka Usumbura Alhamisi, atamtumia Mariyamu maneno, labda atakubali kupanda tena. Kwa mara ya mwisho, Shafii. Usimame. Nimemwapia kwa Mungu.

Na safari hii sikosei, maana kosa nimeliona. Ni fundo! Kufunga kulinichelewesha. Kuna mchikichi mwingine ng'ambo ya barabara, mrefu zaidi, matawi yake yana nafasi nzuri ya waya. Jumatano jioni nitapanda nifunge mapema, nilale hukohuko juu, ili akifika anikute niko tayari.