Kidoa kwenye Shavu la Venusi

Jumatatu, 12 Mei
Mkuu wa karakana ya fedha anataka uso mpya wa Venusi, mungu wa mapenzi, kwenye dinari. Mungu huyo nani amemwona? Mimi! Anauza mikate chini ya kilima, jina lake Septisia Mdogo. Nampenda mpaka natia chumvi kwenye divai. Nitamchonga na kidoa chake cheusi cha shavu la kulia. Ajione kwenye fedha ya Roma nzima, anikubali. Pansa mpiga nyundo naye anamtaka. Masikini, ana misuli tu.

Jumanne, 13 Mei
Nimeshinda karibu na tanuri lake, upande wa shavu la kulia, namtazama. Mikate minne nimekula bila njaa. Akaniuliza kama nimefiwa. Sauti hiyo! Nikarudi nikielea, nikachonga muhuri wa chuma vile vile nilivyomwona. Pua ile ile, kidoa kama punje ya ulezi. Hata nyundo zilikuwa zikiimba.

Alhamisi, 15 Mei
Pansa kapiga dinari mia mbili, kisha akacheka hadi akakaa chini. Eti miaka ishirini kazini, bado sijui kwamba muhuri hugeuza sura? Cha kulia hutokea kushoto, bwana wee! Nikatazama. Lahaula! Kidoa kiko shavu la kushoto. Mwenye kidoa cha kushoto ni dada yake, Septisia Mkubwa, aliyezika waume watatu na kumzaba kofi mtoza ushuru. Nikaomba ziyeyushwe. Mkuu kakataa. Kasema hatimaye kapata Venusi anayeogopesha.

Jumamosi, 17 Mei
Mkubwa kaja karakanani, dinari mkononi, wanja machoni. Eti kumbe mikate yote ile niliyokula ilikuwa kwa ajili yake, si ningesema tu, baba? Nikainama kuokota patasi, naye akadhani nimekubali. Nyuma yake Mdogo alilia kwa furaha ya dada yake, kichwa begani kwa Pansa. Moyo umenipasuka, nasema kweli. Afadhali Mei ni mwiko kuoa. Harusi ni Juni, yangu na Mkubwa.

Jumatatu, 19 Mei
Sasa wanataka uso wa Juno, mungu wa ndoa. Akili ni mali! Nimemchonga Mkubwa kwa pua ya kiazi na kidevu cha mbuzi. Akijiona, atanikimbia mwenyewe, nami nibaki huru kwa Mdogo. Kidoa nimekiweka shavu la kushoto kabisa, vile vile ninavyomwona, asikosee mtu safari hii. Pansa ataupiga kesho asubuhi.