Wabunifu Wenye Meno ya Utoto

Ndugu Meneja wa Nyumba za Wapangaji,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni mchoraji ramani mstaafu, mpangaji wa ghorofa ya kwanza, na ndiye niliyebuni uwanja wa kuchezea watoto wa jengo letu. Naandika kwa uchungu. Jumamosi iliyopita ofisi yako ilikusanya watoto ishirini, ikawagawia chaki, kamba na matairi, ikawaomba waubuni upya uwanja huo. Watoto! Nusu yao hawajui kufunga viatu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wanadai anayepanda bembea yangu hugonga ukuta kwa magoti. Ni kweli. Lakini kwenye ramani yangu ukuta ule haupo, na ramani ina muhuri. Wa kujieleza ni ukuta.

2. Wamehamishia bembea chini ya madirisha ya jikoni, eti mama zao wawaone huku wakipika. Mimi niliiweka nyuma ya mapipa ya taka kwa makusudi, ili wazazi wapumue.

3. Msichana wa kiti cha magurudumu ameulizwa angependa kupita wapi, kisha ngazi zangu nne zikawekewa mbao za mteremko kwa ajili yake. Miaka tisa tangu uwanja ujengwe, hakuwahi kuzilalamikia ngazi zile. Hakuwahi hata kufika.

4. Uwanja wangu umekaa miaka hiyo yote bila rangi kubanduka. Uwanja wao una siku tatu tu na tayari umechakaa kwa kuchezewa.

5. Tukinyamaza, kesho daktari atamuuliza mgonjwa anaumwa wapi, fundi viatu atapima mguu, na wewe, Ndugu Meneja, utalazimika kutuuliza wapangaji kama paa linavuja. Tutakuwa tunaelekea wapi?

Naomba basi vitu vyao viondolewe kabla ya Ijumaa, na watoto wapigwe marufuku kutoa maoni hadi watimize miaka arobaini.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini, na wote nyumbani.

Wako katika kuutetea utaalamu,
Mchoraji Ramani Mstaafu

Tanbihi: Mjukuu wangu, ninayeishi naye tangu mama yake afariki, alikuwa hataki kutoka ndani. Nimemaliza tu kuandika hapo juu, naye amenivuta mkono hadi kwenye bembea ile nimsukume. Amecheka, Ndugu Meneja, mpaka nimeshindwa kuyazuia machozi. Barua ningeichana, ila majirani, niliokwisha kuwatangazia kwamba nakuandikia, wananiuliza kila saa kama nimeshaituma. Naomba msiondoe hata tairi moja.