Legeza, Mama

Jumatano, 5 Juni
Jumamosi binti yangu anapanda lile jabali kubwa nje ya mji. Kwa vidole! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, mwalimu wa hesabu, kichwa kama mashine. Nani mwingine mtaani ana binti wa hivyo? Hakuna. Ila sitaki apande. Basi nimejilaza, kitambaa kichwani, naumwa moyo. Akaahirisha safari. Ushindi!

Jioni jirani yangu mwenye saluni akaja kunipa pole. Akasema wanaoparamia mawe ni watu waliokosa kazi. Ati nini? Nikaruka kitandani, nikamwonyesha kwa mikono na mguu mmoja hewani jinsi mwanangu anavyoning'inia. Binti akaingia nikiwa hivyohivyo. Moyo umepona. Safari iko palepale.

Alhamisi, 6 Juni
Mimi fundi cherehani, sikosi akili. Nimemshonea sponji ndani ya suruali yake: magotini, mapajani, makalioni. Mshono hauonekani. Akaivaa, goti halikunjiki. Akatembea sebuleni kama bata aliye bibi harusi. Akacheka hadi akadondoka sakafuni. Hakuumia hata kidogo! Nikamwambia, umeona kazi ya mama yako? Akavaa nyingine.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeng'ang'ania kwenda, na kamba niishike mimi. Kocha wao akakubali, ila akasimama nyuma yangu akiishika pia. Kazi yenyewe rahisi: binti anapanda, mimi naachia kamba kidogo kidogo, akiteleza, nabana.

Nikabana kabla hajateleza. Akafika juu kidogo ya kichwa changu, basi. Akaita, legeza, Mama! Nikamwambia hapo panatosha, pana hewa nzuri. Kocha akanisihi. Nikamwambia anyamaze, hakumzaa yeye.

Binti akashuka. Hakukasirika. Akanishika mikono. Akasema huko juu ananiwaza mimi. Ndiyo maana fundo analikagua tena hata akishalikagua. Ndiyo maana mwezi jana mvua ilipoanza aligeuka akashuka, kilele akikiona. Sikujua. Nikamuuliza, na ukianguka, mwanangu? Akasema anaweza kuanguka. Angeweza kunidanganya, hakunidanganya. Akasema nisipotaka, leo hapandi, tutarudi nyumbani tukale.

Nikamtazama. Uso ule ule wa siku alipoanza kutembea, alipouachia mkono wangu.

Nikalegeza.

Kamba ikapita viganjani polepole. Akawa mdogo, mdogo zaidi, kisha akapunga mkono kutoka kileleni. Nililia mbele ya watu. Kisha nikawatangazia wote kwamba yule ni wangu.

Nimeahidi: sitaingilia mambo yake tena. Nimeelewa sasa. Mtu asipime hatari zake peke yake wakati kuna wanaompenda, na wanaompenda nao wasimfunge miguu.

Jumapili, 9 Juni
Kocha kaleta picha ya binti kileleni. Mwenye saluni lazima aione dirishani akiwa barabarani, kwa hiyo itundikwe juu kabisa, karibu na dari. Nikaweka meza, juu ya meza kiti, juu ya kiti ndoo. Nikapanda. Nyundo mkononi, misumari mdomoni.

Binti akatoka chumbani, akapiga yowe. Akaikumbatia miguu ya kiti, ananisihi nishuke, nimfikirie na yeye. Nikamwambia aache kelele, mimi najua ninachokifanya.

Jamani, watoto wa siku hizi waoga!