Kuhusu Baiskeli Yangu Mliyoiita Sanaa

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Sanaa (lile ghala la pamba la zamani).

Mama Mkurugenzi mheshimiwa,

Shikamoo, kama umenizidi umri. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi yako naipokea. Sisi huku sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mke wa fundi baiskeli wa pale njia panda, yule ambaye kijiji kizima kinamwita Bado, kwa sababu ukimuuliza baiskeli yako imefikia wapi, jibu lake ni hilo moja tu. Ninyi mnamwita msanii. Nimeamua kuandika kwa kuwa kila nikija ofisini kwenu naambiwa mko kwenye warsha, na safari iliyopita mlinzi wenu aliniuliza kama nina tiketi. Tiketi ya kwenda kumwona mume wangu wa ndoa!

Sina ugomvi na sanaa, Mama. Mlipohamia huku tulifurahi. Ghala lilikuwa la popo na panya, mkalipaka rangi nyeupe, mkafunga taa, wageni wakaanza kuja na magari yao. Tukasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona hadi sasa ni mwenye duka la soda. Mimi sijapona, na sababu nazieleza hapa chini kwa mpangilio, maana nasikia ninyi ni watu wa mpangilio.

1. Baiskeli ni yangu.

Hili lieleweke kwanza. Si ya mume wangu, si ya kijiji, si ya ubinadamu kama ilivyoandikwa pale ukutani kwenu. Niliinunua mwenyewe kwa maziwa ya ng'ombe wangu, na ndiyo iliyokuwa ikibeba madumu yangu kila asubuhi hadi kituo cha kukusanyia maziwa, kule barabara kubwa, kabla lori la tangi halijaondoka. Siku moja gurudumu la nyuma likaanza kulia. Nikamwambia mzee wangu aitie grisi. Yeye akaifungua yote.

Sasa sikia anavyofungua. Mume wangu hawezi kutoa kitu bila kukipanga. Hutandaza gunia chini, na kila anachokitoa hukilaza kwa zamu yake: nati pembeni ya bolti yake, gololi kwenye duara, spoki zimelala sambamba kama watoto wa bweni, cheni imenyooshwa, kengele mwisho kabisa. Anasema bila hivyo atapotea njia ya kurudi. Mafundi wengine hutupa vyote kwenye kopo na jioni baiskeli inatembea. Wangu hupanga, akatazama, akanywa chai, akatazama tena.

Katika kutazama huko ndipo alipopita msimamizi wenu wa maonyesho, yule bwana anayevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka. Nilikuwapo. Alisimama, akashika kidevu, akalizunguka gunia kama mtu anayenunua ng'ombe. Akauliza itakamilika lini. Mume wangu akamjibu kama anavyowajibu wateja wote. Yule bwana akafumba macho, akalirudia lile neno taratibu, nikajua hapa pana balaa. Kabla jua halijazama walikuja watu wenye glavu nyeupe, wakalibeba gunia na kila kilicho juu yake kama wanabeba mgonjwa. Leo liko katikati ya ukumbi wenu, chini ya kioo, limeandikwa "Bado", na chini yake jina la mume wangu. Jina la mwenye baiskeli halipo.

2. Maziwa hayajui sanaa.

Tangu hapo nabeba maziwa kichwani. Dereva wa lori la tangi naye si mtu wa kutafakari, akishajaza, anaondoka. Mara nyingine nimefika nikakuta vumbi tu. Maziwa yamegandia kichwani mwangu, nimerudi nayo nyumbani, paka wetu sasa hawezi hata kuruka dirishani kwa unene. Karani wa kituo cha maziwa ameniambia, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba nikichelewa tena nafasi yangu atapewa jirani yangu. Huyo jirani ana pikipiki, na nafasi hiyo ameimezea mate siku nyingi.

Nafasi hiyo, Mama Mkurugenzi, ndiyo iliyomsomesha binti yetu. Ndiyo inayomlisha huyo msanii wenu mpaka leo, maana makofi ya wageni hayasongeki wala hayachemki. Nilipomweleza hayo alinijibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nikamjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tukalala hivyo hivyo, kila mtu na methali yake.

3. Mmemvisha kilemba cha ukoka.

Zamani mume wangu alikuwa mvivu wa kawaida. Unamwambia mara mbili, anaguna, anainuka. Sasa watu wazima wenye ndevu wanamwita "mwalimu". Anavaa skafu. Nilimwomba afunge bawaba ya mlango wa jikoni, akasimama akiutazama, kisha akasema mlango unaoning'inia una mengi ya kusema. Kweli unayo, na ukipulizwa na upepo unayasema yote.

Wifi yangu, dada yake, ambaye tangu niolewe alimwita kaka yake gogo, siku hizi anapita akitangaza kwamba kipaji kiko kwenye damu yao. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nimemuuliza mbona damu hiyo ilichelewa kuchemka, akanuna.

Na kubwa zaidi: msimamizi wenu amemwambia kwamba akikaza hata nati moja, kazi itakufa. Basi kila asubuhi mume wangu anavaa vizuri, anakwenda kukaa kwenye kiti kando ya kioo, na hakazi kitu. Wageni wanakuja kumtazama asivyokaza. Mimi nimemtazama asivyokaza tangu tulipooana na hakuna aliyenipa hata kigoda.

4. Ugonjwa umeambukiza.

Mngejua mlichotuachia! Seremala alipoona mwenzake anapigwa picha kwa kutokumaliza, alimpelekea bwana harusi kitanda chenye miguu mitatu, akaeleza kwamba mguu wa nne ni wazo. Maharusi wamelalia wazo na matofali. Kinyozi amemnyoa baba mmoja nusu ya kichwa, akamwomba ajitazame kwenye kioo kwa macho mapya. Yule baba alijitazama, akamtazama kinyozi, na ikabidi watu wawatenganishe.

Mwashi anayejenga vyoo vya shule amesimamisha ukuta kimo cha kifua. Anasema ukuta unazungumza na mandhari. Watoto wamemwambia kwamba wao wakiwa mle hawataki mazungumzo.

Lakini aliyefurahi kuliko wote ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Daraja letu lina mwanzo upande huu na mwisho upande ule, katikati ni mto. Tulikuwa tukimwita mzembe kwenye kila mkutano. Sasa anawaleta wageni wenu pale, anawaonyesha kwa mkono, wanapiga picha, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akisema pengo ndilo ujumbe wenyewe. Kumbe mwenzetu alikuwa msanii kabla yenu, ila tulikosa akili ya kumwelewa. Loo!

5. Mmeniingilia hadi jikoni.

Wageni wenu sasa wanakuja nyumbani kuona anapoishi msanii. Mama mmoja, mpole kabisa, mwenye viatu visivyojua matope, aliniomba nisifagie uani mpaka apige picha. Nikasubiri na ufagio mkononi, naye akanipiga picha nikisubiri. Kisha akauliza mimi nafanya nini. Nikamwambia nakamua, nafua, napika, nalima, napeleka maziwa. Akauliza kama hivyo vyote huwa navimaliza. Nikasema ndiyo, kila siku. Akanishika bega, akasikitika.

Nimelifikiria sana bega lile. Kwa hesabu zenu, kumbe ningekuwa mtu maarufu, ila nimejiharibia kwa kumaliza.

6. Maombi yangu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba mnifanyie moja kati ya haya.

Mnirudishie baiskeli yangu, imefungwa, imetiwa grisi, pamoja na kengele.

Au, kama hilo litaua sanaa, lile gari lenu linalobeba picha libebe maziwa yangu kila asubuhi, na watakaoshika madumu wavae zile glavu nyeupe.

Au, kama na hilo ni gumu, basi mnipokee na mimi niwe msanii. Niko tayari kuanza Jumatatu. Nitamkamua ng'ombe upande mmoja, upande wa pili nimwachie atafakari. Shati la mume wangu nitalifua mikono, kifua kibaki kama kilivyo. Chungu nitakibandika jikoni bila kuwasha moto, na msanii wenu akirudi kutoka kutokukaza nati, atakaa mezani akitazame. Wageni wenu nao mnaweza kuwaleta, waje wamtazame akisubiri.

Na hiyo itakuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ninayoikusudia ni kuifungua ndoa yangu. Nitatandaza gunia uani, niipange yote kwa zamu: mto wake huku, mto wangu kule, mashati kwa ukubwa, sufuria za mama yangu, picha ya harusi imelala chali, pete mwisho kabisa. Na msimamizi wenu akija na kofia yake kuniuliza itafungwa lini, jibu langu analijua.

Mama Mkurugenzi, naandika nikicheka, lakini tuambiane ukweli sisi wanawake: imeniuma. Si maziwa peke yake. Mume wangu anajua kila gololi ilipolala kwenye lile gunia. Mkihamisha moja akiwa amefumba macho atawaambia. Miguu yangu mimi imevimba mpaka viatu havipiti, na hajaniuliza hata mara moja nafikaje kule barabarani. Kama mnao mtaalamu wa kumfundisha mtu kutazama, basi mngeanzia hapo.

Nakomea hapa, kwa kuwa ng'ombe ananiita na yeye hajui warsha. Nisalimie bwana wa kofia, nisalimie watu wa glavu, mlinzi na tiketi zake, na yule mama aliyenisikitikia. Wasanii wengine wote wasalimie pia, hata wale waliochora duara jeusi wakaondoka. Nawapenda, sema siwaelewi. Na ukipita pale kando ya kioo ukamkuta mume wangu kwenye kiti chake, mwambie chakula kipo mezani, kimefunikwa, na kimeiva.

Ni mimi,
Mwenye baiskeli.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa imekwisha kukunjwa, nikawa nangoja kupata bahasha. Leo asubuhi nimetoka nje nikaikuta baiskeli imesimama uani. Nzima! Imetiwa grisi, keria limekazwa, madumu yamefungwa juu yake tayari. Msanii amekaa chini pembeni, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, skafu ameifanya tambara. Alisema jana alinifuata kwa nyuma bila mimi kujua, akaniona nimekaa kwenye jiwe njiani navua viatu, nalia. Basi usiku ulipoingia alikwenda kuinua kioo chenu.

Kioo hakikuvunjika, amekiegemeza ukutani. Tafadhali msimfukuze mlinzi kazi. Alimuuliza mume wangu anafanya nini, akaambiwa hii ndiyo sehemu ya mwisho ya kazi, naye akapiga makofi na kumshikia tochi.

Nimewahi lori. Dereva alikuwa hata hajafungua mfuniko wa tangi, na jirani yangu alinipita na pikipiki yake akaniangalia kama aliyeona mzuka. Kwa hiyo naomba mambo yote niliyoyalalamikia hapo juu myafute, isipokuwa la daraja.

Limebaki moja tu. Baiskeli inakwenda, breki zinashika, kengele inalia, na bado kuna nati moja iliyozidi. Mume wangu alitaka aifungue yote upya atafute inakotoka. Nimemwambia akithubutu, mimi ndiye nitakayehamia ukumbini kwenu. Nati yenyewe naituma humu ndani ya bahasha. Gunia tumewaachia, iwekeni katikati yake, mrudishe kioo, na safari hii mwandike majina mawili. Nimeitazama sana kabla ya kuitia humu, nikaigeuza huku na huku, chai yangu ikapoa. Msimwambie mtu, hasa wifi yangu, lakini ni nzuri.